Vipandikizi vya Mbrazili

To. Kisha kimya. Kisha to.

Chelimo alikuwa macho kabla ya jogoo, amelala chali gizani, akisikiliza tone la mvua likitoka kwenye tundu la bati na kuangukia kopo la plastiki kando ya kabati. Mwaka uliopita tone hilo lilikuwa adui yake. Alikuwa amemlalamikia Mathew, mumewe, juu ya tundu lile mpaka Mathew akaazima ngazi kwa jirani. Siku ngazi ilipofika, Chelimo alisimama mlangoni mikono kiunoni akasema tundu lisiguswe. Mathew akairudisha ngazi. Miaka mitano ya ndoa ilikuwa imemfunza kwamba kuna maswali ambayo jibu lake humaliza jioni nzima.

Sababu ya tundu kuachiwa uhuru wake ilikuwa juu ya stuli karibu na dirisha. Lilikuwa ua moja kwenye chungu, majani yake marefu na magumu, yenye miiba midogo ukingoni na milia ya kijivu kama yaliyopakwa majivu kwa kidole. Majani yalijipanga duara yakaacha bakuli katikati. Ua hilo halikuwa na haja ya kunywa kwa mizizi kama mimea mingine ya heshima. Lilinyweshwa kwa lile bakuli, nalo lilitaka maji ya mvua. Maji ya mfereji yalikuwa yameliachia madoa meupe, na Chelimo alikuwa ameyafuta kwa kitambaa cha mtoto, akiomba msamaha.

Ua lilikuwa mali ya Wahu, mama wa makamo ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Murang'a zamani, na ambaye kila mtu alimwita Mama Njenga. Aliuza miche ya maua kando ya barabara pale Kapsoit. Wateja wake walikuwa watu wa magari yanayoteremka Kisumu na wake wa mameneja wa mashamba makubwa ya chai. Mwezi wa nane, mwaka ule Brazil walipochukua Kombe la Dunia, Chelimo alikusanya ujasiri wa wiki tatu, akasimama mbele yake, akaomba kazi.

Mama Njenga hakumwangalia uso. Alimshika mikono akaigeuza.

"Hii ni mikono ya kuchuma chai," akasema. "Kutoa inajua. Sijui kama kuweka inajua."

Kisha akamweleza mpango wake. Alitaka kufungua mahali pengine pa kuuzia, Kericho mjini, na alihitaji mtu wa kumwachia Kapsoit. Akamletea lile ua. Akasema asili yake ni Brazil, kwa hivyo ni Mbrazili, akae naye mpaka mvua ndefu ianze. Atakuja kumwona kwa macho yake mwenyewe. Akimkuta hai, kazi ni ya Chelimo. Akimkuta amekufa, basi watakuwa wakisalimiana tu kanisani.

Chelimo aliandika masharti yote kwenye daftari la ngumbaru, darasa la watu wazima alilohudhuria jioni katika ukumbi wa kanisa. Mizizi isizikwe kwenye udongo kama maharagwe; ikae kwenye vipande vya makaa, maganda ya mti na majani makavu ya gugu. Maji ya bakuli yabadilishwe kila wiki yasije yakanuka. Jua la mchana asipigwe, baridi asipigwe, maji ya kopo la chuma asipewe. Alipomaliza kusoma orodha ile alihisi kwamba hata Nelvine, bintiye, hakulelewa kwa sheria nyingi hivyo.

Kazi hiyo aliitaka kuliko alivyoweza kusema. Majani ya chai aliyochuma yalikwenda kwa jina la mzee Jonah, baba mkwe wake, na ng'ombe walikuwa wa mzee, na hata kuku walikuwa na mwenyewe. Mwezi wa kwanza wa mwaka ule, alipompeleka Nelvine kuandikishwa shule ya chekechea, fomu ilikuwa na mstari ulioandikwa Kazi ya Mama. Mwalimu alingoja, kalamu ikangoja, mwisho Chelimo akasema aachiwe mstari huo kwanza, ataujaza baadaye. Alirudi nyumbani na mstari ule kichwani.

Nyumbani Mbrazili alipokewa vizuri, labda vizuri kupita kiasi. Mathew alikuwa ameisikiliza fainali kwenye redio ya jirani mpaka penalti ya mwisho, kwa hivyo kila jioni akirudi kutoka kituo cha kupimia chai alisimama mbele ya stuli, akavua kofia na kuuliza habari za kwao. Mzee Jonah alikuwa mgumu zaidi. Alilizunguka ua mara mbili na fimbo yake, akauliza linaliwa? Haliliwi. Ng'ombe watakula? Hapana. Ni dawa? Si dawa. Linawaka moto? Chelimo akasema kwa upole kwamba halijajaribiwa.

"Kwa hivyo ni mgeni tu," mzee akakata shauri.

Na kwa Mkipsigis mgeni ana haki zake. Ua lilipomaliza miezi miwili, mzee alianza kuona aibu. Asubuhi moja Chelimo alirudi kutoka kisimani akakuta nyumba inanuka vibaya, naye mzee ameketi anajipangusa mikono, uso umetulia kama wa mtu aliyetimiza wajibu. Alikuwa amechukua kibuyu akamimina mursik, yale maziwa yaliyolala na makaa yake, ndani ya bakuli la Mbrazili mpaka likafurika. Alisema haiwezekani mgeni akae kwa boma siku zote hizo akipewa maji tu, watu watasema nini. Chelimo alisema ndiyo, Baba, asante, Baba. Mzee alipotoka, akalisuuza bakuli mara sita. Nyumba ilinuka wiki nzima, na Mathew alisema afadhali, sasa Mbrazili ameshakuwa mtu wa huku.

Basi mwezi wa kumi na moja Mbrazili akatoa ua lenyewe. Lilichomoza katikati ya bakuli, la rangi ya waridi kama ulimi wa ndama, na kati ya magamba yake vikachungulia vijiua vya zambarau. Majirani walikuja. Wengine walikuja na wageni wao. Chelimo aliwasimamisha hatua mbili nyuma ya stuli na kuwaeleza habari za maji ya mvua kwa sauti ya mwalimu. Krismasi ikapita, ua likiwa bado linang'aa.

Mwezi wa pili likaanza kunyauka. Hilo angelivumilia. Lakini baada ya ua kunyauka, majani nayo yakaanza, kwanza ncha, kisha yale ya chini yakawa manjano, kisha ya kahawia kama karatasi ya sukari. Chelimo alibadilisha maji kila siku. Alilisogeza ua karibu na dirisha, akalirudisha. Alilifunika kwa shuka la Nelvine usiku wa baridi, akaliimbia wimbo wa kanisa mlango ukiwa umefungwa. Daftarini aliandika: Leo hajambo kidogo. Kesho yake: Leo yuko vile vile. Siku ya tatu hakuandika kitu, alichora tu jani na kulifuta.

Ndipo habari ikaja kutoka kwao Ndanai kwamba mama yake ameteleza kwenye tope akateguka mkono, na hana wa kumkamulia ng'ombe. Hakuna mtoto anayeitwa na habari kama hiyo akajibu kwamba ana ua. Chelimo alifunga kitambaa, akamwacha Nelvine kwa baba yake, na mlangoni akamgeukia Mathew.

"Baba Nelvine, fanya chochote, lakini usimwache huyu afe."

Kosa lake lilikuwa hapo. Alimwambia Mathew afanye.

Sasa ni lazima ijulikane kwamba katika kilima kile chote hapakuwa na mtu wa kitalu kama Mathew. Watu walitoka hata Roret kuja kuona miche yake ya chai. Kwenye chai, mti ukiwa mzuri lakini umezeeka, huulilii. Unachukua kisu kikali, unakata tawi, unaligawa vipande, kila kipande jani moja na kikonyo chake. Unakipanda kwenye tyubu ya plastiki, unafunika tyubu zote kwa karatasi ya nailoni kama hema, unangoja miezi mitatu. Mti mmoja unakuwa mia. Mathew alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa kijana wa suruali fupi, na mimea ilikuwa haijawahi kumwangusha.

Jioni ya pili aliketi mbele ya stuli akamtazama Mbrazili jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa ambaye jamaa zake wako nje wanangoja. Kisha akatafuta jiwe la kunolea.

Chelimo aliporudi siku ya nne, stuli ilikuwa tupu. Mathew alikuwa mlangoni, anatabasamu kama mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa kwa siri. Alimpokea mzigo, hakumngoja hata anywe chai, akampeleka nyuma ya nyumba penye kitalu na kuinua ukingo wa nailoni.

Zilikuwa tyubu kumi na tisa, mstari ulionyooka kama wanafunzi kwenye paredi. Katika kila tyubu jani moja la Mbrazili lilikuwa limesimama wima, peke yake, likitetemeka kidogo kwa upepo.

"Uliniachia mmoja," Mathew akasema. "Mimi nimekupa kumi na tisa."

Chelimo aligeuza ndoo chini juu, akaikalia. Alimsikiliza mumewe akieleza kwa furaha jinsi kila jani lina jicho lake ubavuni, jinsi jicho hilo hutoa chipukizi, jinsi Mama Njenga atakavyokuja kuomba kumwoa upya yeye Chelimo kwa niaba ya Brazil nzima. Alipomaliza, Chelimo alisema kitu kimoja tu, polepole.

"Huyu si chai."

Mathew alimwambia asiwe na wasiwasi, kila kitu ni chai ukikijua. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua.

Chelimo alitaka kukasirika. Aliitafuta hasira kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, akipapasa hapa na pale. Tatizo lilikuwa zile tyubu. Ndani yake Mathew hakuweka udongo mwekundu wa chai. Alikuwa ameponda makaa, akachanganya na maganda na magugu makavu, kama alivyowahi kumsikia mkewe akisema mara moja tu wakati wa chakula, mkewe alipodhani hasikii. Kwenye kila tyubu alikuwa amefunga kijiti chenye karatasi, na kwenye karatasi zote kumi na tisa ameandika kwa mwandiko wake mgumu: Mali ya Mama Nelvine.

Basi aliinuka akauliza kigogo, lile shina lililobaki baada ya majani kukatwa, kiko wapi. Kilikuwa kwenye rundo la takataka, chini ya maganda ya ndizi, kimebaki kama ngumi, kimezungukwa na makovu. Alikiosha, akakirudisha kwenye chungu chake cha zamani, akakiweka jikoni kwenye kona ya kuni ambako joto la meko hufika lakini moshi haufiki. Hakujua kwa nini. Labda ni vile hakuna mtu anayezika kabla ya kusikiliza mapigo.

Majani yalioza moja baada ya jingine. Kila asubuhi Mathew aliingiza kichwa chini ya nailoni na kutoka na taarifa. Kumi na saba wako sawa. Kumi na wawili wako sawa, na wengine wanapumzika. Watano wanafikiria. Siku ya kumi na mbili hakuingiza kichwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye chai na kuchuma mpaka giza, na jioni alipita mbele ya stuli tupu akavua kofia kwa mazoea, akaivaa tena haraka.

Katika wiki ya tatu Chelimo, akiokota kuni, aliona kwenye ubavu wa kigogo vitu viwili vya kijani, vidogo, vimechongoka kama mdomo wa kifaranga anayetoboa yai. Aliviangalia kwa muda mrefu. Vingeweza kuwa magugu. Hakumwambia mtu. Katika nchi ya mvua ya mawe, mwenye akili hatangazi mavuno kabla hayajaingia kikapuni. Alivinyunyizia maji kidogo kwa vidole, akaendelea kuokota kuni.

Mvua ndefu ikaanza, na Jumapili moja kanisani Mama Njenga akamgusa bega. Akasema wiki ijayo, baada ya ibada, atapita kwao kunywa chai na kumsalimia Mbrazili.

Mzee Jonah aliposikia hayo alishika uongozi. Aibu ya mke wa mwanawe, alisema, ni aibu ya boma. Jumamosi alikwenda sokoni akarudi na nanasi. Alilikata kichwa, nyama yake wakaila yeye na Nelvine chini ya paa la ghala, na kile kichwa cha majani akakisimika katika chungu kipya. Kisha akaomba unga wa mahindi, akaukoroga na majivu na maji, na kwa subira ambayo hakuna aliyewahi kuiona kwake akachora milia ya kijivu jani kwa jani, akitumia unyoya wa kuku. Alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akasema hata huko Brazil kwenyewe hawatajua.

Chelimo alijaribu kusema kwamba si vizuri. Lakini mtu habishani na baba mkwe aliyeshika unyoya. Alisema ndiyo, Baba, na katika nyumba ile maneno hayo yangeweza kubeba hapana kubwa sana ndani yake, ila mzee hakuwa na sikio la kuisikia.

Mama Njenga alikuja saa nane na viatu vya kanisa vimejaa tope. Alipewa kiti kizuri, chai, mkate wenye siagi. Aliuliza habari za mama wa Ndanai, za ng'ombe, za mvua. Kisha akageuka akaitazama stuli. Nanasi lilikuwa limesimama pale kwa fahari ya bwana harusi. Mama Njenga alilitazama, akanywa chai, akalitazama tena. Mathew alikuwa amegundua kitu cha muhimu sana kwenye kifundo cha kidole chake. Mzee alikohoa.

Hapo kuku wa mzee, ambaye Jumapili huingia ndani kama mwenyewe, aliruka juu ya stuli. Aligeuza kichwa upande, akaonja jani la kwanza, akafurahi. Ko, ko, ko. Alitembea kuzunguka chungu akidonoa mstari mmoja baada ya mwingine, na kila alipopita, Mbrazili alibaki kijani kitupu.

"Kuku wenu anapenda maua," Mama Njenga akasema, akanyoosha mkono kuongezewa chai.

Chelimo aliiweka birika chini. Aliona ule mstari wa fomu ya shule, mweupe, mrefu kama barabara ya Kisumu, na akajua kwamba hata ukijazwa leo kwa uongo hautasomeka kwake.

Alisema hilo ni nanasi. Alisema Mbrazili alianza kunyauka mikononi mwake, na sasa amekatwa majani yote, yako nyuma ya nyumba, yameoza. Alisema kilichobaki ni kigogo, na kama Mama Njenga anataka kukiona kiko jikoni, na kama hataki, chai bado ni moto. Aliyasema yote kwa pumzi moja, akiangalia sakafu.

Mama Njenga aliinuka akaenda jikoni, na wote wakamfuata, mzee nyuma kabisa na fimbo yake. Aliinama kwenye kona ya kuni. Alivaa miwani. Akakaa ameinama hivyo mpaka Chelimo akahesabu matone kumi ya mvua kwenye dirisha.

"Vitoto viwili," akasema hatimaye. "Unawanyweshaje?"

Chelimo akaonyesha, vidole vitatu vya maji pembeni, si juu.

Ndipo Mama Njenga akakaa kwenye kigoda cha jikoni, na viatu vyake vya kanisa, akaeleza. Mbrazili hutoa ua mara moja tu maishani. Akishatoa, hana safari nyingine. Hunyauka hata ukimlaza kitandani kwako, na anaponyauka ndipo huzaa ubavuni. Yeye hakutaka kujua kama Chelimo anaweza kulinda ua. Alitaka kuona atafanya nini likishaonekana limekufa. Waombaji wawili waliomtangulia Chelimo walimrudishia chungu kitupu. Mmoja alikuwa hata amekisugua kwa mchanga.

Machozi yalimjia Chelimo na kicheko kikaja, vikagombania mlango mmoja.

"Jumatatu saa mbili asubuhi, Kapsoit," Mama Njenga akasema. "Na usilete nanasi."

Alikuwa anainuka kwenda, tena akarudi. Alikiinua chungu kwenye mwanga, akapitisha kidole kwenye makovu ya kigogo, moja, jingine, jingine. Alisema kwamba uongo wa nanasi amemsamehe kwa sababu umetubiwa, lakini hawezi kumpa funguo za kibanda mtu atakayemdanganya mara mbili katika siku moja. Kwa hivyo kabla hajaondoka anataka kujua jambo moja. Nani alikata?

Mzee Jonah alipiga fimbo chini, akasema mvua ya mawe. Mwaka huu imekuwa mbaya sana, hata ndani ya nyumba.

"Mvua ya mawe," Mama Njenga akarudia, kidole bado kiko kwenye makovu. "Imekata mshazari, mahali pamoja, mara kumi na tisa, na mkono haukutetemeka."

Mathew alirudi kwenye kile kifundo cha kidole chake. Chelimo alimwangalia. Aliwaza juu ya karatasi zile kumi na tisa, na akaona hawezi kulitoa jina la mtu huyo mbele ya mgeni, hata kwa funguo za Kapsoit. Akavuta pumzi aseme kwamba aliyekata ni yeye.

Nelvine, aliyekuwa amekaa juu ya gunia la mahindi anamaliza mkate wa wageni, alimtangulia.

"Ni Baba alimkata, na Mama hakumchapa."

Mama Njenga akakirudisha chungu kwenye kona ya kuni, akasema Jumatatu ni ile ile.